Ngumi Iliyomwangusha Con Lanahan

Los Angeles,
Jumapili, 7 Novemba 1926

Kwa shemeji yangu mpendwa Emmet,

Salamu nyingi zikufikie huko Butte, zikukute mzima wa mwili na umevaa soksi kavu, maana nakujua. Mimi shemeji yako ni mzima. Kile kikohozi cha mwezi wa tisa kimekwisha. Kifua cha mzee, baba yenu, kinaendeleaje? Anakunywa dawa yake au anaificha nyuma ya saa? Mwambie namuuliza, na nikisikia bado anaimwaga kwenye maua ya jirani yenu Bibi Hanratty, nitapanda treni nije nimnyweshe kwa kijiko mbele ya wajukuu wa jirani.

Barua yako niliipata Jumanne. Con alikuwa nje, kwa hiyo niliisoma peke yangu, nimesimama mlangoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mpaka leo sijamwonyesha. Usinikasirikie kwa hilo. Ukifika mwisho wa barua hii utanielewa.

Unasema umeiona picha yetu ya sinema mara nne katika juma moja. Mara nne, Emmet! Hapa Los Angeles ilikaa siku tatu tu, kwenye jumba ambalo viti vyake vimechanika na panya wanapita bila kukata tiketi, halafu ikatolewa, pakawekwa kichekesho cha mbwa. Magazeti hayakuiandika hata mstari mmoja. Kumbe huko kwenu wachimbaji wanatoka shifti na kuikimbilia na matope yao miguuni, na mpiga piano anaondoa mikono Con anapoanguka, ukumbi mzima kimya. Unasema Averill, kijana mzuri anayeshinda, hakuna anayemjali. Watu wanakuja kumwona Con, Fahali wa Omaha, akienda chini. Hapo nilicheka. Kaka yako amelipwa acheze mtu mbaya, na mji mzima unamlilia.

Umeniuliza picha hiyo ina nini hata ikushike hivyo, wakati umeona nyingine kubwa zaidi, zenye farasi na majumba yanayoungua, na hukuzikumbuka kesho yake. Nitakujibu. Nani akujibu kama si mimi? Kila kipande cha picha hiyo kimepita katika mkasi wangu.

Lakini kuna mawili uliyoyaandika ambayo tangu Jumanne yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. La kwanza, kwamba umekubali kupigana na yule Mfini, Rautio, Siku ya Shukrani mwishoni mwa mwezi huu, ukumbi wa wachimbaji ukijaa. Baada ya hapo uje huku, Con akufundishe ngumi na akuingize kwenye picha. La pili uliliandika kwa mzaha: kwamba wewe na vijana wa akina Tully mnajifunza kuanguka kama Con, juu ya magunia ya shayiri, nyuma ya zizi, na kwamba hakuna anayeweza. Emmet, mstari huo ulinitoa jasho. Nilikwenda nikafungua dirisha.

Acha nianze mwanzo. Picha ilipigwa mwezi wa nane, ndani ya banda la zamani la malimau ambalo bosi wetu amelifanya ukumbi wa ndondi. Joto la taa lilikuwa la kukaangia mayai. Safu mbili za mbele walikaa watu wa kukodi, na nyuma yao masanamu ya nguo yaliyovishwa kofia, maana studio yetu ni maskini na sanamu haliombi chakula cha mchana. Pembeni alikaa mzee mmoja na fidla, akipiga nyimbo za huzuni ili waigizaji wapate uchungu. Con alirudi siku ya kwanza akiwa hoi kwa kicheko. Alisema amepigwa na kila aina ya mtu toka Butte hadi Denver, lakini hajawahi kupigwa kwa muziki.

Huyo Averill si mtu mbaya. Ni mwoga tu wa pua yake. Asubuhi ya kwanza alimwendea Con akamwambia, “Kaka, tuelewane mapema. Pua hii ndiyo mkate wangu.” Con akamjibu, “Usihofu, bwana. Yangu ilishaliwa mkate wake zamani.” Tangu hapo wakawa marafiki. Con alimfundisha kusimama, kuweka kidevu ndani, kuvuta bega. Averill alipokosea, Con alimwita Mama Mdogo, na Averill alilipenda jina hilo mpaka akawa analiandika kwenye mlango wake kwa chaki.

Na ngumi za picha, kama hujui, hazipigi. Ngumi inapita kando ya uso, kamera imewekwa upande ambao haioni nafasi iliyobaki, na anayepigwa ndiye mwenye kazi: anangoja ngumi ifike, ndipo arushe kichwa. Akiwahi, ameharibu. Akichelewa, ameharibu. Con aliifanya kazi hiyo juma zima bila kosa, na mwongozaji wetu, Bwana Strake, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alisema amepata dhahabu kwenye takataka.

Siku ya mwisho walipiga lile anguko. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, kwenye chumba chetu cha kukatia filamu, na nilichosikia ni makofi. Si makofi ya kuagizwa. Yale yanasikika tofauti. Hata mafundi wa taa walikuwa wakipiga. Nikaacha kazi nikakimbia kuona. Nilimkuta Con amekaa kwenye kigoda, taulo lenye maji kichwani, Averill amepiga magoti mbele yake anamshika mikono, na kila mtu anasema hajapata kuona mtu akianguka namna ile. Con aliniangalia akauliza, “Raundi ya ngapi hii?” Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Kwenye tramu, tukirudi nyumbani, aliniuliza tena. Hakuwa anatania.

Sasa nikueleze mambo ya nyumbani, kwa sababu wewe umelelewa na mkono wa Con na utayaelewa kuliko daktari. Wiki mbili kabla ya siku ile alianguka jikoni. Alikuwa amesimama ameshika sahani ya viazi, anaongea habari za mbio za farasi, mara uso wake ukazimika, macho wazi, na magoti yakaachia. Alishuka moja kwa moja, kama nguo inapodondoka kwenye kigingi. Hakuweka hata mkono mbele. Alipoamka alisema sakafu ina mafuta. Nilipiga deki sakafu ile mara mbili, Emmet, nikitafuta mafuta ambayo hayakuwapo.

Tangu mwezi wa tisa anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na nikimwambia anagomba. Anatia chumvi kwenye kahawa, anakunywa yote, anasifu. Juzi alitoka kununua magazeti akaletwa nyumbani na polisi, ambaye kwa bahati alikuwa Mwairishi aliyewahi kumwona akipigana, akamheshimu. Con alimwambia jirani kwamba alikwenda kutembea tu. Lakini suruali yake ilikuwa na mchanga hadi magotini, na bahari iko mbali na sisi.

Haya yote ningeyavumilia. Lisiloniacha nipate usingizi ni mluzi.

Unakumbuka ulivyokaa kwetu kule Butte, mtaa wa juu, ukiwa na miaka kumi. Asubuhi moja ulipiga mluzi mezani na Con, aliyekuwa hajawahi kukugusa, akakuzaba kofi la mdomo mpaka uji ukamwagika. Halafu akakushika mabega akakwambia kwamba mchimbaji hapigi mluzi, si shimoni, si jikoni, si kanisani, kwa kuwa mlima unasikia. Hata tulipohamia huku kwenye malimau na jua, miaka yote hii, sijamsikia akipiga mluzi hata mara moja. Kuna kijana wa maziwa tulimbadilisha kwa sababu hiyo.

Sasa anapiga mluzi, Emmet. Anapiga akinyoa ndevu, anapiga akifunga kamba za viatu, anapiga wimbo mmoja ambao hauna mwisho, unarudi mwanzo. Mara ya kwanza nilimwambia kwa mzaha, “We Con, mlima utakusikia.” Akaniuliza, “Mlima gani?”

Nilimpeleka kwa daktari, nikimdanganya kwamba mimi ndiye mgonjwa. Daktari akamgeukia yeye, akamwambia afumbe macho aguse pua, kisha atembee juu ya mstari wa mbao za sakafu. Con akasema polisi humfanyia vivyo hivyo na hawatozi ada. Lakini pua hakuigusa, na mstari haukumkubali. Daktari alinitoa nje akanieleza taratibu. Alisema anawaona wengi mjini hapa, mabondia wa zamani, watu huwaita walevi wa ngumi na kuwacheka. Ngumi zile zote za miaka kumi na miwili hazikwenda popote. Zimekaa kichwani zikingoja. Hakuna dawa. Kuna kuacha tu. Nikamwambia ameshaacha, sasa anaigiza, hapigwi kweli. Akaniuliza kama anaanguka kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi sakafu nayo ni ngumi.

Nilipomweleza Con, alinisikiliza kwa upole wote halafu akasema, “Daktari huyo ana mikono laini. Amewahi kushika nini?” Akaenda kununua kofia mpya. Kofia ni kwa sababu ya picha ya pili. Ndiyo, ipo picha ya pili. Barua za wenye majumba ya sinema zimeanza kumfikia bosi, kutoka Butte, kutoka miji ya makaa ya mawe, kutoka bandarini, zote zikiuliza jambo moja: yule anayeanguka, mnaye mwingine kama yeye? Strake ameandikisha hadithi mpya. Wanaanza Jumatatu baada ya Siku ya Shukrani, na ndani yake Con ataanguka mara tatu, mara moja kwenye ngazi. Nilimwendea Strake nikamwambia mume wangu si mzima. Alinitazama kwa huruma, akasema wake wote wa mabondia husema hivyo, na kwamba mgonjwa hawezi kuanguka vizuri namna ile.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniuliza, siri ya picha. Nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika, na kahawa yangu imepoa.

Waigizaji wote wanapoanguka, Emmet, mwili unajua. Hata aliye hodari, bega linajikunja, mkono unatafuta sakafu, jicho linachungulia mahali pa kutua. Mtazamaji haoni hayo, lakini moyo wake unaona, na kwa hiyo hautishiki. Con anapoanguka, moyo unatishika. Ndiyo sababu mpiga piano wenu anaondoa mikono. Ndiyo sababu wewe umerudi mara nne. Nyote mmekwenda kutazama kitu cha kweli, mkidhani ni ustadi.

Mkanda ule uliletwa kwangu jioni ileile. Filamu ni utepe mrefu wa vipicha vidogo, kila kimoja kimetofautiana na mwenzake kidogo tu. Ukiupitisha mashineni unaona mtu anatembea. Ukiusimamisha mkononi unaona kila hatua peke yake. Strake alikuja amefura. Alisema, “Huyu mpumbavu amewahi! Tazama, ameanguka kabla hajapigwa! Kila mtu alikuwa anapiga makofi, hakuna aliyeona!” Akaniomba niliokoe, kwa sababu anguko lenyewe ni zuri mno kulitupa.

Nilipobaki peke yangu niliinua utepe kwenye taa. Ngumi ya Averill ilikuwa bado begani kwake. Mkono hata haujanyooka. Na Con alikuwa anakwenda chini. Nilirudi nyuma kipicha kwa kipicha, nikauona uso wake unapozimika, macho wazi, na magoti yanapoachia. Nilikuwa nimeshauona uso huo. Niliuona jikoni, juu ya sahani ya viazi.

Hakuna aliyempiga Con, Emmet. Ile si ngumi ya Averill, wala si kuigiza, wala hakuwahi. Con alizimika mbele ya watu wote na watu wakashangilia.

Na mimi ndiye niliyekufichia. Nilikata mwanzo wote wa anguko. Mbele yake nikaunganisha ngumi nyingine, ile kubwa unayoiona ikija hadi inajaza kitambaa chote cha sinema na watu wanarudi nyuma vitini. Ngumi hiyo Averill aliipiga asubuhi, peke yake, mbele ya kamera, na Con alikuwa amekaa nje kwenye kreti anakula mkate na nyama. Nikavigundisha viwili hivyo, na ikawa kama mnavyoiona. Strake alinibusu kichwani. Averill mpaka leo anawaambia watu, kwa aibu na kwa fahari, kwamba siku ile alisahau akampiga kidogo.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nisipolisema halitakuwa kweli. Niliogopa hivyo, kama mtoto anayefunika kichwa kwa blanketi. Sasa naogopa zaidi, kwa sababu nimesoma barua yako na kuona kwamba kitu nilichokigundisha kwa mikono yangu ndicho kinachokutoa wewe mgodini na kukupandisha ulingoni. Unajifunza kwenye magunia ya shayiri ugonjwa wa kaka yako.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu zaidi ya kupangusa miguu mlangoni. Usipigane na Rautio. Waache wakuite mwoga, wamtafutie mwingine. Panda treni kabla ya Siku ya Shukrani uje huku, lakini glavu ziache kwa mzee. Mimi Con hanisikii tena, daktari amemwona ana mikono laini, na Strake ni Strake. Wewe alikuzaba kofi kwa kukupenda. Wewe ukisimama mbele yake ukimwambia ashuke ulingoni, huenda akashuka. Mrudishe nyumbani, Emmet. Hata mgodi unaomla mzee kifua, Con angalau alikumbuka kuuogopa.

Najua utasema shemeji ametunga haya yote ili kukuzuia, kwa kuwa mimi ni mjanja wa kuunganisha vitu visivyokuwa pamoja. Una haki. Kwa hiyo nimeweka ndani ya bahasha hii kile kipande nilichokikata. Kwa amri ya studio kila kipande cha sakafuni kinakusanywa jioni na kutiwa kwenye pipa la bati. Hiki nilikitia ndani ya soksi yangu. Wakijua nitafukuzwa, na wafukuze.

Con ameingia sasa hivi, amekaa mbele yangu na kofia yake mpya. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Amefurahi sana. Anakusalimu wewe na mzee, na anasema, “Mwambie mdogo wangu aje. Nitamfundisha kuanguka.” Nimeyaandika kama alivyoyasema. Ameniuliza tena namwandikia nani.

Msalimie mzee, msalimie Bibi Hanratty na maua yake, uwasalimie na vijana wa akina Tully, na uwaambie magunia yale wayarudishe kwa farasi. Nikiisikia tramu kona ya mtaa wetu, nitakuwa natazama dirishani kama ni wewe uliyeshuka.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda na kukungoja,

Alvina Lanahan

Tena: Kipande hicho kinashika moto upesi kuliko majani makavu, kwa hiyo usikisogeze kwenye jiko wala kwenye taa. Kitazame mchana, dirishani, ukikishika kwa ncha za vidole. Anza juu, ushuke polepole. Tazama magoti ya kaka yako kwanza, halafu uitafute ngumi.